Kona ya Chini Kulia

Dirisha namba nne lilikuwa na kioo kinene chenye matundu madogo ya kupitishia sauti, na mama aliyekaa nyuma yake alikuwa amefunga miwani yake kwa uzi shingoni. Alipokea bahasha yangu, akatoa karatasi moja moja na kuzipanga mezani taratibu, kama mtu ambaye hana foleni ya watu thelathini mbele yake. Fomu ya maombi. Pasipoti. Barua ya mwaliko. Cheti cha kuzaliwa. Barua ya polisi. Mwisho albamu ya picha nilizochora, ambazo nilikuwa nimezipiga kwa simu na kuzichapisha kwenye karatasi nzuri.

"Unaomba viza ya msanii," alisema. "Ya miaka mitatu."

"Ndiyo, mama."

"Viza hii si ya kila anayejua kushika brashi. Ni ya mtu mwenye kazi inayojulikana kuwa ni yake." Akafunua albamu, akaigeuza ili nami nione. "Picha zote hizi zina sahihi ya mtu mwingine."

Swali hilo nilikuwa nimejiandaa nalo tangu nyumbani. Nikamweleza kwamba sahihi ni ya baba yangu, kwamba karakana ni yake, na kwamba kwetu kila picha hutoka kwa jina lake hata kama mkono uliochora ni wangu. Nilisema yote bila kutetemeka, nikajiona hodari.

"Sawa," alisema. "Na hii?"

Akaisukuma fomu kwenye kioo. Ukurasa wa mwisho, kona ya chini kulia, penye mstari wa mwombaji. Juu ya mstari ule ilikaa sahihi ya baba, imenyooka, na mkia wake unarudi nyuma na kupita chini ya jina lote. Kwenye pasipoti yangu kuna sahihi nyingine kabisa, ile ya kitoto niliyoandika siku ya kuomba pasipoti kwa sababu nililazimika kuandika kitu.

Nilikuwa nimejaza kurasa kumi na mbili mezani kwetu, macho yameniuma, na nilipofika kona ya chini kulia mkono ulifanya kile ulichozoea kufanya kwenye kona ile. Sikuona. Nilikagua fomu mara tatu na mara zote tatu sikuona, kwa kuwa macho yangu nayo yalishazoea kuikuta hapo.

"Ama baba yako amekujazia fomu," yule mama alisema, "ama wewe unasaini jina la baba yako. Yote mawili si mazuri." Hakusema kwa ukali. Ningependa angekuwa mkali, ningepata wa kumkasirikia. "Nenda kwa wakili. Mwenye sahihi aje mwenyewe, aape kwamba kazi hizi si zake ni zako, na tangu lini. Una siku ishirini na moja. Zikipita, faili linafungwa."

Nilitoka nje. Nilikaa kwenye ngazi za jengo, bahasha mapajani, nikajiambia kwamba baba hatakubali.

Baba yangu ni mchoraji wa sura. Mjini kwetu watu wanamwita Fundi Macho, kwa sababu ya macho ya watu aliowachora: ukihamia pembe nyingine ya chumba yanakufuata, na watoto wengine huogopa kubaki nayo peke yao. Watu humletea picha ndogo, za kitambulisho au za simu, yeye huzikuza kwa rangi ya mafuta: baba za watu, mabibi harusi, mabosi wanaostaafu, marehemu. Kila sebule yenye kujiheshimu ina picha yake moja ukutani.

Ugonjwa wa presha ya macho ulimwingia polepole. Ulianza kumla pembeni ukaja katikati, na miaka kumi na moja iliyopita daktari alituambia kwamba kilichobaki ni mwanga tu, kujua kama ni mchana. Baba alirudi nyumbani, akaomba maji, akasema, "Picha ya mwalimu mkuu inatakiwa Ijumaa." Nikachukua brashi. Ijumaa picha ilikuwa tayari, nikamsimamisha mbele yake, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, nikaupeleka kwenye kona ya chini kulia. Tukasaini. Hatukukaa kikao juu ya jambo lile, wala siku ile wala baadaye.

Baba hakukaa bure. Yeye ndiye aliyekuwa akiwamba turubai kwenye fremu, kwa vidole, bila kuona, na akiligonga kwa kifundo cha kidole lilitoa sauti kama ngoma. Hakuna mwenye macho mawili aliyeweza kuwamba vile. Lakini sura, nguo, vivuli, mikono, na hayo macho yaliyomtia jina, vilikuwa vyangu. Wateja walipenda kuja kushuhudia akisaini. Mimi nikisimama nyuma yake walidhani namshika mzee asianguke. "Haoni vizuri lakini anaona kwa moyo," walikuwa wakiambiana. Anaona kwa moyo! Na mimi niliyekesha na brashi nilikuwa naona kwa nini, kwa magoti? Lakini niliosha brashi zangu tu.

Aliyenigundua alikuwa mgeni mmoja, mama wa makamo, aliyetaka kuchorwa akiwa amekaa mbele yangu badala ya kuacha picha. Alikaa siku nne. Siku ya nne aliona mkono wangu juu ya mkono wa baba, akashukuru na kuondoka. Miezi saba baadaye ikaja barua kutoka ng'ambo, kutoka kituo cha wasanii anachokisimamia yeye. Chumba cha kazi, miaka mitatu, nichore nitakacho. Barua ilikuwa na jina langu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutajwa kwenye karatasi moja na neno mchoraji. Niliisoma chooni, mlango nimeufunga kwa komeo, nikalia.

Baba alipoambiwa habari za mwaliko alifurahi kwa namna yake. Aliuliza kule rangi zinakaukaje kwenye baridi. Kwake ilikuwa safari tu. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba safari yenyewe ingetaka kumvua nguo mbele ya wakili.

Nilimwambia jioni ileile niliyotoka dirishani, tukiwa karakana. Kaka yangu mkubwa alikuwepo. Huyo tunamwita Meneja. Kazi yake ni kupokea wateja na kuahidi tarehe ambazo mimi ndiye nitakayezitimiza. Hajawahi kushika brashi ila ya kung'arishia viatu.

"Wakili?" Meneja alidakia kabla baba hajafungua mdomo. "Unataka mzee akaape kwamba miaka yote hii tumewadanganya watu? Kuna majaji wana picha zetu ukutani!"

"Sijazungumza na wewe."

"Unazungumza na nyumba nzima. Jina likifa, tumekufa wote."

Baba alikuwa na fremu mapajani, anapima kona zake kwa kidole gumba. Alisubiri tumalize. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Mimi nilisaini jina la mwalimu wangu miaka tisa. Kazi ya karakana ni ya mwenye karakana. Sikumpeleka kwa wakili."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mwalimu wako alikufa, baba. Ndiyo maana ukapata jina. Mimi nisubiri nini?"

Kidole cha baba kilisimama kwenye kona ya fremu. Nilitaka kulirudisha neno lile na sikuweza, na sehemu yangu moja haikutaka kulirudisha. Nilimpenda baba yangu kuliko mtu yeyote aliye hai. Nilikuwa nimemkasirikia pia, miaka kumi na moja, na siku ile nilijua kwamba mapenzi hayakuwa yamepunguza hasira hata chembe.

Baba aliweka fremu chini, akatafuta fimbo yake, akaenda kulala bila kula.

Siku kumi na mbili hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima. "Chai." "Mlango." "Nani huyo?" Aliendelea kuwamba, nami niliendelea kuchora, na picha zilipoisha nilizigeuza ukutani bila sahihi, moja, mbili, tatu. Meneja aliwaambia wateja kwamba mzee ana mafua. Wifi yangu, mke wa Meneja, ambaye kwa kawaida haingilii mambo ya karakana, alinivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe nenda hata kama watakataa. Mimi nitamwangalia baba. Unadhani sijaona nani anachora humu? Mimi ndiye ninayefua nguo zako." Nilimkumbatia, sabuni mikononi na yote.

Siku ya kumi na tatu asubuhi nilimkuta baba ameketi karibu na mlango, amevaa koti lake la kutokea, viatu amevifunga mwenyewe, fimbo katikati ya magoti.

"Huyo wakili anafungua saa ngapi?" aliuliza.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, chumba chembamba chenye mafaili hadi dirishani. Wakili mwenyewe alikuwa kijana, kola imemkaba, na alipomtambua baba alisimama. "Fundi Macho! Ulimchora babu yangu. Sisi wote tulikuwa tunamwogopa hadi alipokufa, na picha bado tunaiogopa."

"Lini hiyo?" baba aliuliza.

"Ina miaka sita sasa, mzee."

"Basi msifu huyu," baba alisema, akanielekezea fimbo. "Babu yako kachorwa na huyu."

Wakili alitabasamu akingoja mzaha umalizike. Haukumalizika. Akakaa, akavuta kompyuta yake, uso umebadilika. Nami nilikuwa natazama sakafu, maana nilikuwa nimeisubiri sentensi ile muda mrefu na ilipokuja ilinichoma.

Aliandika kwanza mambo ya kawaida: jina, umri, makazi. Kisha akasoma kwa sauti kile anachoandika: "Naapa kwamba picha zilizotajwa, ingawa zina sahihi yangu, zilichorwa na binti yangu. Tangu mwaka gani, mzee? Hapa lazima tuweke hesabu."

Nikajibu mimi. "Miaka kumi na moja."

"Kumi na minne," baba alisema.

Nilimgeukia. "Kumi na moja, baba. Tangu ile picha ya mwalimu mkuu."

"Mwanangu, anayeapa ni mimi au wewe?" Akamgeukia wakili, yaani akaigeukia sauti yake. "Andika kumi na minne. Miaka mitatu ya kwanza, mimi nilikuwa nachora asubuhi. Mchana nikienda kulala, yeye anaingia anafuta macho niliyochora na kuyachora upya. Akidhani sijui."

Sikuwa na pa kuficha uso. Ilikuwa kweli. Miaka ile mitatu, alipokuwa akiona nusu na kukisia nusu, macho ya watu wake yalianza kwenda upande. Moja juu, moja chini. Nilikuwa nikingoja asinzie, nayakwangua kwa kisu kidogo, nachora mengine, nafungua madirisha ili harufu ya tapentaini itoke. Siri hiyo sikumwambia mtu yeyote duniani. Nilikusudia kwenda nayo kaburini.

Wakili aliandika kumi na minne. Alichapisha karatasi mbili, akaziweka mbele ya baba. Kwa mazoea nikasimama nyuma ya kiti, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake.

"Hapana, dada," wakili alisema. "Hapo usimguse. Lazima asaini mwenyewe."

Nikaondoa mkono. Wakili alimwekea rula chini ya mstari ajue pa kuanzia. Baba alishika kalamu, akatulia, akaandika. Herufi ya kwanza ilipanda juu ya rula, ya pili ikaikalia ya kwanza, na mkia, ule mkia maarufu, ulianguka chini ukatoka nje ya karatasi na kuacha wino kwenye meza ya wakili. Aliandika polepole, ulimi katikati ya meno. Alipomaliza aliuliza, "Imekaa?"

"Imekaa, mzee," wakili alisema, akaipigia muhuri.

Chini, nje ya duka la vitambaa, palikuwa na benchi. Tulikaa. Nilimuuliza alijuaje.

"Rangi yangu ilikuwa imekauka siku ya pili," alisema. "Ila machoni. Machoni nilikuwa nikigusa, mbichi. Na madirisha yote wazi, kama nyumba ya mtu aliyeunguza mboga." Alicheka kidogo. "Nilisubiri uniambie. Hukuniambia. Nikasema, mtoto ananistiri. Basi kustiriwa kukaninogea. Nikakaa humo, nikasahau kwamba ninakufunika wewe."

"Nisamehe kwa lile neno, baba."

"Lipi? La kufa?" Aligonga fimbo chini. "Lilikuwa neno baya. Nimelifikiria siku kumi na mbili nikakosa la kulijibu."

Nilirudi dirisha namba nne siku ya kumi na saba. Yule mama mwenye miwani ya uzi alisoma kiapo chote, kisha akakiweka kando ya albamu, akalinganisha. Nilijua anachokitazama.

"Hii sahihi ya kwenye kiapo haifanani na ya kwenye picha," alisema.

"Haifanani."

"Ipi ya baba yako?"

Nilielekeza kwenye kiapo, kwenye yale maandishi yaliyoanguka. "Hiyo. Hiyo ndiyo ya baba yangu."

Akanipitishia karatasi tupu na kalamu chini ya kioo. "Niandikie ile ya kwenye picha." Niliandika. Ilitoka mara moja, imenyooka, mkia umerudi nyuma na kupita chini ya jina lote. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipitishia fomu mpya, ukurasa wa mwisho tu. "Sasa saini hii. Na safari hii, tafadhali, jina lako."

Niliandika ile ya kitoto iliyo kwenye pasipoti. Nilitumia muda mrefu kuliko nilivyotumia kwa ya baba.

Viza ilitoka baada ya wiki tano. Meneja aliigeuza pasipoti huku na huku akitafuta kosa, hakuliona, akaniuliza kule kuna wateja wa sura au vipi. Habari zilikuwa zimeshavuja mjini, kama zinavyovuja. Wako waliokuja kudai picha zao zibadilishwe jina, wako waliokuja kuangalia tu nani huyo, na mmoja aliapa kwamba yeye alijua siku zote. Mzee mmoja alisimama mlangoni akasema anataka picha ya mkono wa Fundi Macho mwenyewe. "Umechelewa," baba alimjibu kutoka ndani. "Mkono unasafiri mwisho wa mwezi." Walicheka wote wawili. Lakini yule mzee alipoondoka baba alikaa akigonga turubai moja hadi chakula cha mchana, nami nikamwacha, kwa kuwa hiyo ilikuwa haki yake.

Zile picha tatu zilizogeuzwa ukutani wenyewe walizichukua hivyo hivyo, bila sahihi. Siku nane zilizobaki nilimchora baba. Turubai aliliwamba mwenyewe, akaligonga, akaniambia, "Hili usiliharibu." Alikaa mbele yangu kwenye kiti cha wateja, amevaa lile koti. Hajawahi kuchorwa maishani, na alikuwa mteja msumbufu, anajikuna, anauliza nimefika wapi.

Siku ya mwisho aliuliza, "Macho umeyafanyaje?"

"Nimeyachora yalivyo."

"Hayamfuati mtu?"

"Hayamfuati mtu, baba."

Alitikisa kichwa kukubali. Nilichovya brashi nyembamba, na kwa mazoea nikamwendea nimshike mkono nimlete kwenye kona. Alikwishasimama, mkono ameuweka mfukoni.

"Hapo sina kazi leo," alisema. "Saini, mama."

Nikasimama mbele ya kona ya chini kulia peke yangu. Nilianza herufi ya kwanza ya jina langu nikakuta mkono haujui inapindia wapi. Niliiandika kama mtoto aliyeanza shule juzi, na ya pili ikaikalia ya kwanza, na mstari ukapanda. Baba alisogea, akanyoosha kidole, akaipata kona bila kusaidiwa, akagusa pembeni tu mwa rangi mbichi.

"Imekaa?" aliuliza.

"Imekwenda kombo, baba."

"Usiifute," alisema.

Sikuifuta.